Ndege Niliowakosa Utoto Mzima: Naichambua "Close to the Edge" ya Yes, Toleo la 2013

Haya wadau, karibuni tena. Leo sina spika wala redio. Nina hiki hapa. Ngoja nikisogeze kwenye kamera... mnakiona hicho kijani? Jalada zima ni kijani tupu, na juu kuna herufi tatu zimeshikana mikono kama watoto wa chekechea wanavuka barabara: Yes, bendi ya roki ya Uingereza. Mchoraji ni Roger Dean, na hiyo nembo ilionekana mara ya kwanza kwenye albamu hii, 1972. Najua kuna atakayesema jalada limepoa. Subiri nilifungue. Haya, hapo ndani. Ziwa limekaa juu ya mlima, maji yanamwagika pembeni na ziwa halipungui. Utotoni ningeliona hili nisingelala.

Ila utotoni sikuliona. Nilikuwa na kaseti.

Niseme mapema ili mtu asije akanilaumu: mimi kwa bendi hii si hakimu, ni mshabiki. Mjomba wangu alikuwa baharia, na miaka ya themanini alirudi nyumbani Tanga na kaseti ya dakika 90 aliyorekodi melini kutoka kwenye santuri ya mwenzake. Upande mmoja alirekodi Close to the Edge nzima, na inaenea vizuri, maana albamu haifiki dakika 38. Upande wa pili akaja kuujaza mwenyewe kwa nyimbo za Mbaraka Mwinshehe. Hakuandika kitu juu yake. Kwa hiyo nimekua nikidhani hawa wote ni watu wamoja, kwamba Mbaraka akichoka anawaachia wale Wazungu wapige kidogo.

Sasa bidhaa yenyewe. Hili toleo lina CD moja na Blu-ray moja. CD ina miksi mpya, yaani sauti za vyombo zilizopangwa upya kutoka kwenye rekodi zile zile, aliyoifanya Steven Wilson, mwanamuziki Mwingereza ambaye amekuwa fundi wa kufufua albamu za roki progresivu, roki ya nyimbo ndefu zinazogeuka-geuka. Kwenye Blu-ray unakuta miksi hiyo hiyo, miksi ya zamani ya 1972, na nyingine ya spika tano na sabufa. Mnaloniuliza kila siku ni hili: kama ninayo ya zamani, ya nini hii?

Kwanza tuelewane kuhusu muziki. Nyimbo ni tatu tu. Wenye jina la albamu una dakika 18 na ushee, unameza upande mzima wa santuri. Upande wa pili kuna And You and I na Siberian Khatru. Basi. Vijana mkisikia dakika 18 mnashika kichwa, lakini waulizeni wazee wenu, Mario ya Franco inakaribia robo saa na hakuna aliyelalamika, watu walikuwa wanasubiri sebene. Taarab ndiyo usiseme, unatunza, unarudi kukaa, unainuka tena, wimbo bado ule ule. Sikiliza hii kwa sikio hilo hilo. Usingoje kiitikio. Subiri pale wimbo unapogeuka.

Na unageuka kweli. Kwenye dakika ya kumi na mbili hivi, sauti zimeshatulia, zinaitikiana taratibu, halafu kinaingia kinanda cha kanisa. Kinanda cha mabomba hasa, mpiga kinanda wao Rick Wakeman alikwenda kukipigia St Giles-without-Cripplegate, kanisa la London. Siwezi kuwapigia hapa, chaneli itafungwa leo leo. Lakini kwenye kaseti ya mjomba pale palikuwa na mkwaruzo, kinanda kinatetemeka kama kinatoka chini ya maji. Kwenye hili toleo unakisikia kinajaza jengo. Nilikaa kitako sakafuni. Mtu mzima.

Kingine ni besi. Marehemu Chris Squire, aliyefariki 2015, ndiye pekee aliyekuwemo kwenye kila albamu ya Yes mpaka alipoondoka duniani. Gita lake la Rickenbacker alikuwa analikwaruza kwa kiplastiki, hatumii vidole, ndiyo maana besi yake haijifichi nyuma ya ngoma, inatembea mbele inaguna: ngrr, ngu-ngu, ngrr. Kwenye miksi ya zamani, pale wote wanapopiga kwa pamoja, unaihisi tumboni lakini huwezi kuifuata. Wilson ameipa nafasi yake. Na ngoma za Bill Bruford, ile ngoma ndogo inalia ka! kavu, kama mtu kagonga sufuria tupu. Siberian Khatru kwenye miksi mpya, kwangu mimi, ni kama nimefutiwa vumbi kwenye miwani.

Lakini si kila mahali. And You and I nimeijaribu zote mbili usiku kwa hedifoni, mara tatu, na bado narudi kwenye ile ya zamani. Ule ukungu wake ulikuwa sehemu ya wimbo. Ukiuondoa unaanza kuhesabu vyombo, na wimbo ule si wa kuhesabu vyombo.

Kwa hiyo nina malalamiko. Miksi ya zamani wameiweka kwenye Blu-ray. Nani huku ana mashine ya Blu-ray? Mimi nimeazima. Kama huna, ulizia toleo lake lenye DVD badala ya Blu-ray. Malalamiko ya pili ni kona hii, mnaiona ilivyopinda? Imepinda safarini, na mzigo ulikaa njiani mpaka nikasahau kama niliagiza. Aliyeusafirisha anajijua.

Kuna kisa nakipenda kuhusu jinsi albamu hii ilivyotengenezwa. Walirekodi studio ya Advision, London, na fundi mitambo wao Eddie Offord. Walikuwa hawapigi wimbo mwanzo mpaka mwisho. Wanapiga kipande, wanabishana, wanapiga kingine, halafu utepe unakatwa na kuunganishwa. Siku moja wakakitaka kipande fulani, hakipo. Mfanyakazi wa usafi alishakitupa. Ikabidi watoke nje wakapekue mapipa ya taka, na Mungu saidia wakakipata, kikaunganishwa kwenye kazi. Fikiria wimbo unaousifia miaka yote, sehemu yake imelala na maganda. Bruford mwenyewe, rekodi zilipoisha, akaaga, akaenda bendi nyingine, King Crimson. Albamu haijafika hata madukani! Alan White aliyemrithi akabakiwa na siku chache za kujifunza nyimbo zote kabla ya ziara.

Nami nilikuwa na kipande kilichotupwa, ila sikujua.

Nimekuwa mtu mzima, nina mke na mtoto, ndipo nikanunua CD ya kwanza ya albamu hii, ile ya kawaida. Nikaweka, nikakaa. Badala ya magita, nasikia ndege. Ndege wengi, na maji yanatiririka. Nikaenda dirishani, maana Tanga kunguru hawana adabu. Nje kimya. Nikarudi, nikaitoa CD, nikaifuta kwa shati, nikairudisha. Ndege tena, na wanazidi. Nikamwambia mke wangu, nimeuziwa feki. Nikainuka nizime, na hapo hapo, pwaa! magita yakaingia, pale pale kaseti yangu ilipokuwa inaanzia.

Kumbe wimbo una mwanzo.

Kwenye miksi ya Wilson ndege hao wako wazi kabisa, na ukikaa katikati ya zile spika tano wanakuzunguka. Kwa sehemu hiyo peke yake simrudishii mtu mzigo huu. Kama unayo ya zamani na huna mashine wala spika, usihangaike, CD yako inatosha. Kama hujawahi kuwa nayo kabisa, anza na hii.

Mjomba bado yupo, sasa macho hayaoni vizuri lakini masikio mazima. Wiki iliyopita nilimpelekea, nikamvisha hedifoni, nikampigia tangu mwanzo. Ndege wakaanza. Akatabasamu. Nikamwambia, "Shikamoo mjomba, leo nimekuletea kipande ulichochelewa kurekodi."

"Marahaba," akasema. "Sikuchelewa. Niliwaruka makusudi. Nilidhani santuri ya yule bwana imeharibika."