Kibao cha saa ya ulinzi cha shilingi 650: chipu nzuri, maelezo hafifu

Juu ya ghorofa tunamoishi, mtaani Umoja, Nairobi, kuna kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayosoma kina cha maji katika tangi na kuwasha pampu usiku, kwa kuwa maji ya mfereji huja kwa zamu na hayamngoji aliyelala. Kompyuta hiyo iliganda mara mbili katika mwezi mmoja, na mara ya pili iliganda pampu ikiwa inavuta, hata maji yakateremka ngazini kabla msimamizi wa nyumba hajazima swichi kuu. Ndipo nilipokwenda Luthuli Avenue kununua kibao cha saa ya ulinzi, yaani kifaa kinachohesabu muda na kuiwasha kompyuta upya iwapo haijakipelekea ishara kabla muda huo haujaisha.

Raspberry Pi ina saa ya namna hiyo ndani yake, yenye muda usiozidi sekunde 15 hivi. Tatizo ni kwamba mlinzi huyo analala nyumba moja na anayelindwa. Kibao nilichonunua kina chipu ya TPS3823 ya Texas Instruments, ambayo inasimama peke yake na tena inapima umeme: ile ya volti 3.3 huizuia kompyuta isianze kazi volti zikiwa chini ya 2.93. Kwa mtaa ambao taa hupepesa kabla ya umeme kukatika, sifa hiyo pekee inatosha kuhalalisha bei.

Muuzaji aliniambia, "Hii unaunganisha tu, bosi, inajifanyia kazi." Si kweli. Kiini cha Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta hiyo, lazima kielezwe ni pini ipi (mguu wa kuunganishia waya) inayopeleka ishara, na kazi hiyo hufanywa na kiendeshi (programu ndogo inayozungumza na kifaa) kiitwacho gpio_wdt, ambacho kimo ndani ya Linux tangu toleo la 3.14 la mwaka 2014. Sikuandika msimbo wowote. Niliongeza mistari michache kwenye faili la mti wa vifaa (device tree, orodha inayoieleza Linux vifaa vilivyounganishwa), nikataja pini, nikachagua mbinu ya toggle, ambayo hubadilisha hali ya pini kutoka juu kwenda chini na kurudi, kisha nikajaza hw_margin_ms, yaani muda wa subira wa chipu kwa milisekunde.

Hapo kwenye hw_margin_ms ndipo wengi watakapojikwaa. Karatasi ndogo niliyopewa dukani ilisema sekunde 1.6, nami nikaandika 1600. Lakini 1.6 ni muda wa kawaida tu. Mtengenezaji anaruhusu chipu moja iishiwe na muda baada ya sekunde 0.9 na nyingine ifike 2.5. Kwa kuwa Linux hupeleka ishara kila nusu ya muda ulioandikwa, 1600 ilimaanisha ishara moja kila milisekunde 800, na chipu yenye haraka ingebakiwa na milisekunde 100 tu za subira. Kompyuta ikielemewa kidogo, inazimwa bila kosa. Niliandika 900, na tangu hapo haijawaka upya bila sababu.

Kero kubwa zaidi ilikuwa wakati wa kuwaka. Chipu hii huacha kuhesabu iwapo pini yake ya ishara inaelea bila kuunganishwa na chochote, lakini pini za Raspberry Pi huwa na ukinzani wa ndani unaozivuta juu au chini tangu mwanzo. Kibao kilidhani kimepuuzwa na kuiwasha kompyuta upya kabla Linux haijapanda, tena na tena, jioni nzima. Dawa yake ilikuwa bafa ya hali tatu (sakiti ndogo inayopitisha ishara au kuikata kabisa, pini ya chipu ikabaki inaelea) kati ya pini na chipu, inayofunguliwa kiendeshi kikishapakiwa, na sehemu kama hiyo ilipaswa kuwa juu ya kibao chenyewe.

Kisha nilikijaribu. Nilikiangusha kiini kwa makusudi mara sita, na kila mara kompyuta ilianza upya ndani ya sekunde tatu, huku pampu ikizimika kwa kuwa pini ya relei (swichi ya umeme inayowasha pampu) hurudi kuwa ya kupokea. Nilipoiua programu ya maji peke yake, ilichukua dakika moja hivi, kwa sababu kiendeshi huipa programu sekunde 60 za kutoa ishara yake, isipoelekezwa vingine. Hakikisha tu kwamba programu yako inafungua /dev/watchdog1, faili la kupelekea ishara kwa kibao, maana kwangu /dev/watchdog0 ni saa ya ndani, na ukiilisha hiyo kibao hakitajua kama programu ni hai au imekufa.

Kwa anayejua kushika kichomeleo na kuhariri mti wa vifaa, ninakipa nyota nne kati ya tano. Duka ninalipa mbili, kwa sababu ya ile karatasi, na kwa sababu niliporudi kuuliza habari za bafa niliuziwa kibao cha pili badala ya kujibiwa.