Uzoefu wangu na esensi za Kikorea za kutuliza ngozi nyeti yenye chunusi

Ngozi yangu ina mambo mawili yasiyopatana. Paji la uso, pua na kidevu vinatoa mafuta na chunusi, huku mashavu yakikauka na kuchoma hata kwa kitu kidogo. Nikipaka dawa ya chunusi, mashavu yanawaka. Nikiyatuliza kwa krimu nzito, kidevu kinaota vipele. Kwa ushauri wa daktari wa ngozi natumia adapalini usiku, na hiyo ndiyo inayoshughulikia chunusi zangu. Esensi, yaani kimiminika cha kupaka usoni baada ya kuosha na kabla ya krimu, niliitafuta kwa kazi nyingine kabisa: kuituliza ngozi ili iweze kuivumilia adapalini.

Natanguliza jambo hili kwa sababu naona watu wengi wanainunua esensi wakitarajia ifute chunusi, kisha wanavunjika moyo. Hata kule Korea Kusini sheria ya vipodozi iko wazi. Tangu 2017 kuna kundi rasmi la vipodozi vinavyosaidia kupunguza chunusi, lakini kundi hilo ni la bidhaa za kuoshea tu, zile unazopaka na kusuuza. Esensi inayobaki usoni siku nzima haimo. Kwa hiyo chupa ikikuahidi kuponya chunusi, ahadi hiyo imezidi hata kile ambacho sheria ya nyumbani kwake inakitambua.

Basi ina faida gani? Kwa ngozi nyeusi kama yangu faida ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Chunusi ikivimba, haiachi wekundu unaopita baada ya siku chache. Inaacha doa jeusi au la zambarau linaloweza kukaa miezi. Kadiri uvimbe unavyokuwa mkali na kudumu, ndivyo doa linavyozidi kukolea. Kitu chochote kinachopunguza muwasho, ukavu na hamu ya kujikuna kinapunguza pia madoa ya kesho. Hiyo ndiyo sababu iliyonifanya nitumie muda mwingi kusoma viambato badala ya kuchukua chupa yoyote iliyoandikwa ya kutuliza.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba mmea maarufu ulioandikwa mbele ya chupa si wa kuangaliwa kwanza. Angalia kwanza vile visivyotakiwa kuwemo. Esensi moja ambayo sitaitaja ilijinadi kwa herufi kubwa kuwa ni ya ngozi nyeti, na mmea wake wa kutuliza ulikuwemo kweli. Lakini mwisho wa orodha kulikuwa na mafuta ya lavenda na ya maganda ya chungwa. Mashavu yangu yalianza kuwasha siku ile ile, na nilipoiacha yakatulia. Mafuta ya lavenda yana linalool, na mafuta ya chungwa yana limonene. Vyote viwili vikikaa na kukutana na hewa hubadilika na kuwa vichocheo vya mzio vinavyojulikana sana kwa madaktari wa ngozi. Kwamba yametoka kwenye mmea hakuyafanyi yawe mapole.

Hapa sheria inatusaidia. Kuanzia 2020 Korea Kusini inawataka watengenezaji wayataje kwa majina manukato 25 yanayoweza kuleta mzio, kila moja linapozidi asilimia 0.001 kwenye bidhaa inayobaki usoni. Nenda chini kabisa kwenye orodha. Ukikuta Linalool, Limonene, Citronellol, Geraniol au neno Parfum, na mashavu yako yanachoma kama yangu, irudishe chupa mahali pake. Mimi pia napita mbali na Alcohol Denat., yaani alkoholi, inapokuwa miongoni mwa viambato vya mwanzo, na esensi zenye asidi za kuchubua ndani yake. Adapalini tayari inaharakisha ngozi kujibadilisha, sihitaji kitu cha pili cha kuisukuma. Niasinamidi siikatai. Ni kiambato kizuri kwa mafuta na kwa madoa, ila kuna watu ambao kiwango cha asilimia 10 kinawachoma huku kiwango cha chini, asilimia 2 hadi 5, kikiwafaa vizuri.

Sasa tuje kwenye mimea, kwa sababu Wakorea wana mitatu inayorudi kila mara. Wa kwanza ni gotu kola, ambao kwenye chupa huandikwa Centella Asiatica. Huu ndio ninaouamini zaidi kati ya yote kwa sababu tunajua nini ndani yake kinafanya kazi: madecassoside, asiaticoside na asidi zake mbili, asiatic na madecassic. Chupa inayotaja majina hayo moja moja inakuambia zaidi kuliko inayosema dondoo ya Centella na kunyamaza. Kampuni ya SKIN1004 imejijenga juu ya gotu kola ya Madagaska, na ampuli yake ni mfano mzuri wa bidhaa ya aina hii. Wakorea hutofautisha ampuli, seramu na esensi kwa uzito na ukolezi, lakini hakuna mpaka mkali, kwa hiyo jina lisikuzuie.

Wa pili ni Houttuynia cordata, mmea wenye majani yenye umbo la moyo. Kampuni ya Anua imeufanya ujulikane dunia nzima kwa tona yake ya asilimia 77. Wa tatu ni Artemisia, jamii moja na pakanga, na ndio niliouchagua mwishowe.

Lakini kabla sijafika huko, hizo asilimia zinahitaji maneno machache, maana ndizo zinazouza chupa. Asilimia 77 ya dondoo haina maana kwamba robo tatu ya chupa ni mmea. Dondoo yenyewe ni kimiminika, yaani mmea uliolowekwa au kuchemshwa katika maji au kiyeyushi kingine na kuchujwa, na sehemu kubwa yake ni hayo maji. Chupa mbili zinaweza kuandikwa asilimia ile ile na moja ikawa imekolea kuliko nyenzake, kama chai mbili zilizotiwa majani tofauti. Namba hiyo inakuambia kwamba mtengenezaji ametumia dondoo mahali pa maji ya kawaida, na hilo ni jambo jema. Haikuambii nguvu yake. Tangu nilipolielewa hili sishindanishi tena 77 na 96 na 100.

Nilizobakiza mwishoni ni mbili: Advanced Snail 96 Mucin Power Essence ya kampuni ya COSRX na Mugwort Essence ya kampuni ya I'm From.

Ile ya COSRX imejengwa juu ya ute wa konokono uliochujwa, na orodha yake ni fupi na inaeleweka: ute, betaine, butylene glycol, sodium hyaluronate, panthenol, arginine, allantoin, vya kuipa uzito na vya kuihifadhi. Haina manukato. Inavutika kama ute wa yai, na kuna watu hawapendi kabisa hali hiyo. Mimi haikunisumbua. Panthenol na allantoin ni vitulizaji vya zamani vinavyoaminika, na hyaluronate inashika maji. Mashavu yangu yaliipenda mno. Yakilala yamepakwa, asubuhi yanaamka laini, na ule mkwaruzo wa adapalini pembeni mwa mdomo unapungua. Kwenye kidevu na paji, hata hivyo, iliacha utando niliouhisi hadi mchana, na jua likiwaka utando huo unachanganyika na mafuta yangu. Haikuniletea chunusi. Ni kwamba tu sikuwa na raha nayo maeneo hayo.

Ile ya I'm From imetengenezwa kwa mmea wa Artemisia kutoka Ganghwa, kisiwa cha magharibi mwa Korea Kusini kinachosifika kwa mmea huo, na chupani imeandikwa asilimia 100. Ni maji mepesi kabisa. Unaimimina kiganjani, unabonyeza usoni, na baada ya muda mfupi hakuna kilichobaki juu. Ina harufu ya majani, hafifu, inayoisha mara moja. Nilichokitambua mapema ni ubaridi wake juu ya chunusi iliyovimba. Ule mpwito wa chunusi changa chini ya ngozi unapoa, na mkono unaacha kutaka kuigusa. Kwangu hilo peke yake ni matokeo, kwa sababu chunusi ninayoigusa ndiyo inayoacha doa.

Baada ya wiki kadhaa niliona mambo mawili. Uso ulipungua kuwasha usiku wa adapalini, na chunusi mpya zilizotokea zilikauka bila kusambaza uvimbe pembeni. Idadi ya chunusi haikubadilika kwa ajili ya esensi, na sikutarajia ibadilike. Madoa ya zamani hayakuguswa pia. Hayo nayaachia losheni ya kinga ya jua, adapalini yenyewe na uvumilivu.

Kasoro yake ni kwamba haina kitu cha kushika maji. Ukiipaka peke yake ukaacha hapo, maji yanakauka na ngozi inaweza kubana kuliko mwanzo. Lazima ifuatwe na krimu nyepesi wakati uso bado una unyevu. Mtu mwenye ngozi kavu kweli kweli atachoka nayo haraka, na kwake ningependekeza ile ya konokono bila kusita. Kwangu mimi utaratibu ulioshika ni huu: naosha uso kwa kisafishio kisichotoa povu jingi, nabonyeza esensi ya Artemisia uso mzima, naongeza matone ya ile ya konokono mashavuni tu, kisha krimu. Usiku wa adapalini dawa inakuja baada ya esensi kukauka kabisa, na krimu inafunga juu. Pamba siitumii. Inakunywa nusu ya bidhaa na kuikwaruza ngozi bure, ilhali viganja safi vinatosha.

Tafadhali usiruke majaribio. Paka kiasi kidogo sehemu ile ile mara mbili kwa siku, ndani ya kiwiko au pembeni mwa taya, kwa siku 7 hadi 10 kabla ya kupaka uso mzima. Mzio wa kweli mara nyingi hauji siku ya kwanza, unasubiri. Artemisia iko katika familia moja na krisanthemamu na kamomili, kwa hiyo ukijua mimea hiyo inakuletea mafua ya mzio au vipele, chagua gotu kola badala yake. Mwenye mzio wa konokono, samakigamba au wadudu wa vumbi awe mwangalifu na ute wa konokono. Na esensi zenye propolisi, ambazo pia zimejaa kwenye soko la Kikorea, si za mtu mwenye mzio wa mazao ya nyuki.

Kuna neno moja linalowaumiza watu nalo ni lile la kuambiwa ngozi inajisafisha kwanza. Dawa kama adapalini na asidi za kuchubua zinaweza kweli kuzitoa nje chunusi zilizokuwa zikijiandaa chini, kwa sababu zinaharakisha ngozi kujibadilisha. Esensi ya kutuliza haina uwezo huo. Ikikuletea vipele vipya, hasa mahali ambapo huwa hupati chunusi, hiyo ni ngozi inakataa. Iache. Usimalizie chupa kwa sababu umeilipia. Na ikiwa una vipele vidogo vinavyolingana ukubwa, vinawasha, na vimejaa kwenye paji au kifuani, huenda si chunusi za kawaida bali ni vya fangasi wa Malassezia. Hivyo havitatulizwa na esensi yoyote, na dawa yake ni tofauti na ya chunusi. Muone daktari wa ngozi kabla ya kuongeza chupa nyingine mezani. Vivyo hivyo kwa vinundu vikubwa vinavyouma na kuacha makovu.

Ya Artemisia nimeshainunua tena na ndiyo inayobaki kwangu wakati wote. Ya konokono nainunua ngozi inapokauka. Nikipata chupa mpya nasoma kwanza tarehe iliyopigwa mhuri, maana Wakorea huandika mwaka mbele, kisha mwezi, kisha siku, na tarehe hiyo inaweza kuwa ya kutengenezwa au ya mwisho wa matumizi. Ikiandikwa 제조 ni siku ilipotengenezwa. Ikifuatwa na 까지 ni mwisho wa kuitumia. Kisha natafuta alama ya kikopo kilicho wazi chenye namba, kama 12M, ambayo ni miezi ya kuitumia baada ya kufungua, naandika kwa kalamu chini ya chupa mwezi niliofungua, na kuiweka mbali na jua na mvuke wa bafuni.