Uzoefu wangu na toleo la majaribio la riwaya ya picha inayomhusu fundi wa piano

Jana usiku nilimaliza toleo la majaribio la riwaya ya picha ya mapenzi ambayo nimekuwa nikiisubiri kwa miezi kadhaa, na kabla kumbukumbu haijapoa ningependa kueleza niliyoyaona na, zaidi ya hayo, niliyoyasikia. Mchezo huu umetengenezwa na kikundi kidogo cha Wajapani na bado haujatoka kwa ukamilifu. Jina lake silitaji, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza huenda zikarekebishwa kabla ya siku ya kutolewa, na si haki kazi ihukumiwe milele kwa makosa ya mwanzo wake. Kwa asiyeizoea aina hii ya michezo, kazi kubwa ya mchezaji ni kusoma: nyuma kuna picha ya mahali, mbele wamesimama wahusika, chini ya skrini yanapita maneno yakisindikizwa na muziki na sauti za waigizaji, na hapa na pale msomaji hufika kwenye njia panda ambapo huchagua la kusema au la kutenda. Chaguo hizo ndizo zinazoamua hadithi itaelekea kwa mhusika yupi.

Msimulizi wa hadithi hii ni fundi wa piano mwenye umri wa miaka 29, aliyeitwa kwenye mji mdogo wa milimani katikati ya majira ya baridi ili atengeneze piano kuukuu ya ukumbi wa muziki uliofungwa kwa miaka mingi. Amepewa majuma sita. Katika muda huo anakutana na wanawake watatu: mtunza ukumbi ambaye zamani alikuwa mpiga piano na sasa haigusi kabisa, mtangazaji wa redio anayefanya kazi usiku wa manane, na mwenye nyumba ya wageni anakolala. Wote ni watu wazima wenye kazi na majukumu, na hilo peke yake lilinipa faraja, kwa sababu hadithi nyingi za aina hii hufungwa ndani ya uzio wa shule na hudhani kwamba mapenzi huisha siku ya mahafali.

Kilichonishika tangu dakika za kwanza ni sauti. Fundi anapoingia ukumbini kwa mara ya kwanza, anabonyeza noti moja tu, na noti hiyo inalia vibaya. Hailii vibaya kwa kelele ya kuchekesha. Inayumba, inapanda na kushuka kama pumzi ya mgonjwa. Mtu aliyewahi kukaa karibu na piano iliyotelekezwa ataitambua mara moja. Noti nyingi za piano hazitolewi na uzi mmoja, bali na nyuzi tatu zinazogongwa kwa pamoja, na nyuzi hizo zikiachana hata kidogo, sikio husikia mpigo kati yao. Uzi mmoja ukitetemeka mara 440 kwa sekunde na mwenzake mara 442, mpigo huo husikika mara 2 katika kila sekunde. Kadiri nyuzi zinavyokaribiana ndivyo mpigo unavyopungua kasi, mpaka unatoweka na sauti inasimama wima. Mwandishi analieleza jambo hili kwa mistari minne tu, kupitia mdomo wa fundi anayemjibu mtunza ukumbi swali, kisha analiacha. Halisemi kwamba nyuzi ni mfano wa watu wawili. Msomaji anaachiwa aligundue mwenyewe, nami nilimshukuru mwandishi kwa imani hiyo.

Wazo hilo limeingizwa hadi ndani ya muziki wenyewe. Wimbo unaosikika kila tunaporudi ukumbini umepigwa kwenye piano isiyolingana, na kila baada ya siku moja ya hadithi noti chache zaidi zimekwisha kutengenezwa. Siku ya kwanza wimbo ule ule unakera, siku ya nne unavumilika, na siku ya saba, ambayo ndiyo ya mwisho katika toleo hili, upande wote wa kati umenyooka huku noti za juu zikiendelea kulia kwa uchungu. Nilirudi kwenye siku ya kwanza ili nihakikishe kwamba sikujidanganya, na kweli tofauti ipo. Piano ina vibonye 88, na katika kona ya menyu kuna mchoro mdogo wa vibonye hivyo ambao hugeuka rangi kadiri kazi inavyoendelea. Hakuna maelezo yoyote kuuhusu; nilikaribia kumaliza kabla sijautambua.

Haishangazi kwamba mchezo wa aina hii unaweza kusimama juu ya sauti. Mwaka 1992 kampuni ya Chunsoft ilitoa kwenye mashine ya Super Famicom hadithi ya kutisha iliyosomwa juu ya picha na milio, na aina hiyo ikaja kujulikana kama riwaya ya sauti. Jina linalotilia mkazo picha lilishika mizizi baadaye, baada ya kampuni ya Leaf kulitumia kwa mfululizo wake ulioanza mwaka 1996. Naona watengenezaji wengi wa leo wamelisahau neno la kwanza. Hutumia nguvu zote kwenye macho ya wahusika na nywele zao, kisha hununua muziki wowote wa kujaza ukimya. Hawa hawakufanya hivyo, na kwa kuwa hawakufanya hivyo ninawadai zaidi.

Deni lenyewe liko katika tafsiri. Sauti za waigizaji ni za Kijapani, nami nilisoma maandishi ya Kiingereza. Katika Kijapani, mtu usiye na ukaribu naye humwita kwa jina la ukoo na kuliongezea neno la heshima "san", na kuvuka kutoka hapo hadi kumwita kwa jina lake alilopewa na wazazi, bila nyongeza yoyote, ni hatua ambayo wawili hao wote huisikia. Hadithi imejenga hatua hiyo kwa subira kubwa. Kwa siku sita mtunza ukumbi humwita fundi kwa jina la ukoo. Usiku wa sita umeme unakatika, wamekaa gizani wakisubiri, skrini ni nyeusi na muziki umezimwa, na unachosikia ni upepo na mlio wa chuma cha jiko kinachopoa. Kisha mwanamke anataka kujua kama mwenzake bado yuko macho, na anamwita. Anatamka jina lake la kwanza, peke yake, kwa sauti ya chini ambayo mwigizaji ameitoa kama mtu anayegusa maji kwa ncha ya kidole.

Maandishi ya Kiingereza yalikuwa yakitumia jina hilo hilo tangu siku ya kwanza. Mfasiri aliamua, pengine kwa kudhani kwamba majina ya ukoo na "san" yatamchosha msomaji wa nje, kuwafanya wahusika wote waitane kwa majina ya kwanza kuanzia salamu ya mlangoni. Kwa uamuzi huo mmoja, kilele cha toleo zima kimefutwa kwa yeyote anayesoma bila kusikiliza. Mimi nilinusurika kwa sababu nilikuwa nimevaa visikizi na masikio yangu yalikwisha kuzoea jina la ukoo. Niliposikia jina jipya nilishtuka, nikatazama maandishi, na maandishi yalikuwa yametulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa msomaji wa Kiswahili jambo hili halihitaji ufafanuzi mrefu. Tunajua uzito wa siku ambayo mtu aliyekuwa akikuita "ndugu" au "bwana" anakuita kwa jina lako, na mfasiri wa Kiswahili asingethubutu kuliacha "bwana" lipotee mwanzoni kisha atarajie tuhisi kuondoka kwake mwishoni. Kuna njia nyingi za kulitatua: kubakiza jina la ukoo, kutumia cheo cha kazi, hata kumfanya amwite "fundi" kwa siku zote sita. Lolote kati ya hayo lingetosha.

Chaguo za msomaji ndizo nilizoziona dhaifu kuliko sehemu nyingine zote. Mchezo umetengenezwa kwa Ren'Py, programu isiyolipiwa ambayo Tom Rothamel aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 2004 na ambayo vikundi vingi vidogo duniani huitegemea. Miongoni mwa fadhila zake ni kwamba ukizungusha gurudumu la kipanya hadithi inarudi nyuma mstari kwa mstari, hata kuvuka njia panda uliyokwisha kuipita. Nilitumia uwezo huo kuijaribu kila njia panda. Kuna kumi na moja, na katika tisa kati ya hizo jibu lolote utakalotoa linaleta sentensi moja au mbili tofauti, kisha mazungumzo yanarudi kwenye mkondo ule ule. Naelewa kwamba sehemu ya mwanzo ya hadithi hizi huwa ya pamoja kabla njia za wahusika hazijatengana, na kwamba pengine mchezo unahesabu kimyakimya majibu yangu. Lakini msomaji wa toleo la majaribio hana namna ya kuiona hesabu hiyo. Nilipomwambia mtangazaji wa redio kwamba sijawahi kusikiliza kipindi chake, na siku mbili baadaye akanishukuru kwa kuwa msikilizaji wake wa kila usiku, nilihisi kwamba mimi ndiye sikusikilizwa.

Njia panda moja, hata hivyo, ni nzuri sana. Mwenye nyumba ya wageni anasimulia habari za mumewe aliyefariki, anasita katikati ya sentensi, na zinatokea chaguo mbili: kuuliza, au kunyamaza. Ukinyamaza, skrini inabaki kama ilivyo kwa muda mrefu usio wa kawaida. Nilidhani kompyuta imekwama. Kisha yeye mwenyewe anaendelea, na anasema jambo ambalo ukimuuliza hasemi. Kama toleo kamili lina njia panda nyingine tano za namna hiyo, nitayasamehe majibu yote matupu.

Kuhusu picha sina mengi. Ukumbi umechorwa kwa upendo, hasa mwanga wa asubuhi unaoingia kupitia madirisha ya juu na kuangukia vumbi. Ukibofya kitufe cha H kisanduku cha maneno hujificha na unaweza kuutazama mchoro mzima, nami nilifanya hivyo mara nyingi. Wahusika wenyewe wana mikao michache mno. Mtunza ukumbi ana nyuso tano na mikono yake ni ile ile katika zote, jambo linalosikitisha kwa mwanamke ambaye hadithi yake yote imo mikononi.

Nataka pia kusifu uangalifu wao kwa wasomaji wasioona vizuri. Ren'Py hutoa uwezo wa maandishi kusomwa na kompyuta kwa kubofya V, pamoja na menyu ya kukuza herufi, lakini wapo watengenezaji ambao menyu zao wenyewe huziacha bila maelezo yanayosomeka, na hapo uwezo huo hupungua thamani. Hapa kila kitufe nilichokijaribu kilisomwa kwa jina lake sahihi. Kasi ya maneno hubadilishwa kwa urahisi, sauti ya kila mwigizaji ina kidhibiti chake, na orodha ya mistari iliyopita inakuruhusu kuusikiliza tena mstari wowote. Kwa mchezo unaotegemea sauti kiasi hiki, orodha hiyo ni ya lazima. Bila hiyo nisingeweza kuithibitisha hoja yangu kuhusu majina.

Urefu wa toleo hili ulinichukua saa tatu na robo, nikisikiliza sauti zote bila kuzikatisha. Nautaja kwa sababu ndio unaonifanya nitetee matoleo ya majaribio katika aina hii kuliko nyingine yoyote. Kwenye duka la Steam, mnunuzi kwa kawaida anaweza kurudishiwa fedha zake akiomba ndani ya siku 14 na akiwa amecheza kwa muda usiofika saa 2. Kwa mchezo wa mbio za magari saa 2 zinatosha kujua kama unaupenda. Kwa hadithi ya mapenzi inayojengwa polepole, saa 2 ni utangulizi tu, na mimi baada ya saa 2 nilikuwa bado siku ya nne, nikifikiria kuacha. Yaliyonifanya nibadilishe mawazo, yaani giza la siku ya sita na kimya cha mwenye nyumba ya wageni, yote yako katika saa ya tatu.

Toleo linaishia siku ya saba asubuhi. Fundi anarudi ukumbini na kukuta kifuniko cha piano, alichokifunga mwenyewe jana yake, kimefunguliwa. Hamwoni mtu. Anabonyeza noti ile ile ya siku ya kwanza, na safari hii inasimama wima bila mpigo wowote, kisha skrini inafunga. Hakuna tangazo la kununua wala orodha ya yatakayofuata, ila kiungo kimoja cha kupeleka maoni. Niliandika mawili: kwamba mfasiri arudishe majina ya ukoo kuanzia mlangoni, na kwamba mtangazaji wa redio akumbuke nilichomwambia. Maelezo ya menyu yanasema faili zilizohifadhiwa zitafunguka katika toleo kamili, kwa hiyo yangu nimeiacha usiku wa sita, mstari mmoja kabla ya jina kutamkwa, ili siku ile nianzie hapo na nione kama maandishi nayo yatashtuka.