Gari la umeme linakula stima kiasi gani hasa? Nimejaribu mita ya kuchomeka ukutani

Hamjambo watazamaji, karibuni tena. Tazameni hiki nilichoshika: ni mita ya stima ya kuchomeka kwenye soketi, nimeinunua barabara ya Luthuli, Nairobi, kwa shilingi 1,800. Unaichomeka ukutani, kebo ya gari unaichomeka juu yake, inakusomea volti, ampea na yuniti.

Utaniuliza, dashibodi ya gari langu, Nissan Leaf, si inaonyesha yote hayo? Dashibodi inahesabu umeme unaotoka kwenye betri. Stima unayonunulia tokeni hupita kwanza kwenye kebo na kwenye chaja iliyo ndani ya gari, na huko nyingine inapotea kama joto. Hiyo umeilipia, na dashibodi haikuonyeshi kabisa.

Nilipima hivi. Nilichaji hadi gari likaacha kuvuta stima lenyewe, nikarudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri. Siku tatu za Kasarani, mjini, Westlands na kurudi: kilomita 120. Kisha nikachaji tena hadi likaacha lenyewe, kwa ampea 10, kuanzia saa tatu usiku hadi karibu saa kumi na mbili asubuhi. Dashibodi ilidai kilomita 6.6 kwa yuniti, yaani yuniti 18.2 hivi. Mita ya ukutani ikasoma 21.3. Yuniti tatu nzima, jamani! Kwa hiyo gari langu linaenda kilomita 5.6 kwa yuniti, na hiyo ndiyo namba ya kupigia bajeti.

Je, mita yenyewe ni ya kuaminika? Usiku huo nilizima kila kitu nyumbani, hata friji, nyama tukaihifadhi kwa jirani. Nikaandika salio la tokeni kabla na baada. Zilipungua 21.5. Kwa kifaa cha bei hii, nimeridhika sana.

Na angalia hapa kwenye volti. Saa tatu, watu wakiwa bado wanapika, ilisoma 218. Usiku wa manane, 241. Kuna vipimo vinavyopima ampea peke yake na kuchukulia volti ni 240 muda wote. Hivyo vitakudanganya kila jioni. Hii inapima volti yenyewe.

Usipime safari ya upande mmoja, tafadhali. Kutoka Westlands kwenda Limuru unapanda karibu mita 500. Gari la kilo 1,600 linahitaji zaidi ya yuniti 2 kwa huo mlima tu, kabla ya kuhesabu upepo na msuguano wa tairi. Ukirudi, breki zinarudisha sehemu yake kwenye betri, lakini si yote. Kwa hiyo malizia pale ulipoanzia.

Sasa kasoro, na hii nawaomba mnisikilize. Baada ya saa moja na nusu niliigusa mita hapa, karibu na pini, ikawa moto kiasi kwamba sikuweza kuacha kidole. Na hiyo ni ampea 10! Imeandikwa 13, lakini mimi siwezi kuiacha na 13 usiku kucha watoto wamelala. Kwa kipimo cha usiku mmoja, ukiamka kuikagua, inafaa. Kwa kila siku, hapana: tafuta mita ndogo inayofungwa ndani ya kisanduku cha swichi kuu, na ifungwe na fundi wa stima mwenye leseni. Yangu, fundi anakuja kuifunga Jumamosi.