Geji pacha za AC ya gari: nunua hizi, achana na kopo lenye geji moja

Maduka ya spea yanauza makopo madogo ya gesi ya R134a yenye paipu fupi na geji moja ya rangi: sindano ikiwa kwenye kijani, mambo shwari. Ni rahisi, na mtu yeyote anaweza kujiwekea. Tatizo ni kwamba kopo linapima upande wa presha ya chini peke yake. Valvu ya upanuzi (tundu jembamba linalopitisha gesi kwenda upande huo) ikiziba, presha ya upande huo hushuka, geji inakuambia ongeza gesi, nawe unaongeza kwenye mfumo ambao haukupungukiwa chochote.

Seti ya geji pacha, moja ya presha ya chini na moja ya presha ya juu, ina paipu tatu. Ya buluu huenda upande wa chini, nyekundu upande wa juu, njano kwenye mtungi au pampu ya vakyumu (inayonyonya hewa yote kwenye mfumo). Vichwa vya buluu na nyekundu vina milimita 13 na 16, kwa hiyo huwezi kuvipachika kinyume.

Kabla ya kuunganisha chochote, gusa hewa ya ndani. Ikiwa baridi ipo ila inatoka kwa unyonge, kagua filta ya kabini kwanza. Hiyo haihitaji geji.

Funga valvu zote mbili za geji, unganisha paipu, washa injini, AC kwenye baridi ya mwisho, feni ya ndani kasi ya juu, milango wazi, mizunguko 1,500 kwa dakika. Kukiwa na joto la nyuzi 30 hivi, AC isiyo na hitilafu husoma takriban psi (kipimo cha presha) 30 hadi 45 chini na 180 hadi 250 juu. Zote zikiwa chini, gesi imepungua, na gesi hailiwi kama petroli: kuna mahali inavuja. Zote zikipanda, ama gesi imezidi, ama feni ya kondensa (rejeta ya AC iliyo mbele ya gari) imekufa, ama kondensa imejaa vumbi na wadudu. Chini imepanda na juu imeshuka? Kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, imechoka. Sindano zote zikisimama karibu na psi 90 injini ikinguruma, kompresa haizunguki kabisa. Tafuta fyuzi, rilei au klachi yake, usiiguse gesi.

Seti za bei ya chini zina kasoro zake. Sindano huja haiko kwenye sifuri. Fungua kioo, kaza au legeza skrubu ndogo iliyo usoni. Oringi (pete za mpira) za vichwa hukakamaa na kuvujisha, basi weka za akiba. Duara za ndani za geji ni za nyuzi joto za gesi kama R22 na R404A, na wengi huzisoma wakidhani ni presha. Na kamwe usifungue valvu nyekundu injini ikiwaka huku kopo limeunganishwa: presha ya juu inaweza kulipasua.

Ukivuta vakyumu, Dar es Salaam sindano hukaribia inchi 29 za zebaki chini ya sifuri. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, itaishia 24 au 25, na pampu haina kosa.

Geji haipimi kiasi cha gesi. Kiasi kiko kwenye stika chini ya boneti, kwa gramu, na hupimwa kwa mizani.