Bunduki Moja kwa Mawindo na kwa Shabaha ya Mbali: Uzoefu Wangu na Tikka T3x CTR

Nimeishi jimbo la Montana, Marekani, miaka sita sasa. Kwa mtu aliyekulia Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, ilikuwa ajabu kuwaona wafanyakazi wenzangu wakipanga likizo zao kwa kufuata msimu wa kulungu. Nilipomaliza mafunzo ya uwindaji na kuanza pia kwenda uwanja wa shabaha kila Jumamosi, nilitafuta bunduki moja itakayonifaa kote kuwili, kwa sababu mfuko wangu haukuruhusu mbili, na mke wangu alikwisha kutamka kwamba kabati moja la chuma linaitosha nyumba nzima.

Ugumu wote uko kwenye mtutu. Mwindaji hupanda mlima kwa saa nyingi na uzito wote anauhisi begani, ndiyo maana bunduki za mawindo huwa na mtutu mwembamba. Mlenga shabaha hulala kifudifudi akafyatua risasi ishirini kwa kikao kimoja, na mtutu mwembamba ukishapata moto huanza kuzitawanya. Niliazima bunduki nyepesi ya mwenzangu, ya risasi za saizi ya .308, nikajionea: risasi tatu za kwanza ningeweza kuzifunika kwa kifuniko cha soda, lakini kufikia ya nane zilikuwa zimehamia upande. Kwa kulungu, tatu zinatosha na kubaki.

Mwishowe nilinunua Tikka T3x CTR, inayotengenezwa Finland, yenye mtutu wa unene wa kati wa inchi 20 na magazini ya risasi 10. Ikiwa tupu ina uzito wa takriban kilo 3.4, ila nilipokwisha kuifunga darubini, mkanda na miguu miwili ya kuegemezea, mizani ya bafuni ilikaribia kilo 5. Uzito huo hubebeka, lakini saa ya tatu mlimani utaukumbuka. Kukoki kwake ni laini mno, na kifyatulio hakina mkwaruzo wowote.

Nilichagua risasi ya 6.5 Creedmoor, iliyobuniwa kwa ajili ya mashindano ya shabaha na kutangazwa mwaka 2007, kwa kuwa hairudishi teke kali begani na haichukuliwi sana na upepo kama .308. Hata hivyo, kwa umbali wa yadi 800 hushuka karibu mita 4, na upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa huisogeza yapata mita moja, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba inajilenga yenyewe.

Kosa langu lilikuwa kwenye darubini. Nilishauriwa dukani ninunue ya mashindano, inayokuza mara 5 hadi 25, ambayo alama zake za kulengea hukua na kupungua pamoja na picha. Uwanjani ilinipendeza sana. Novemba, jua likiwa limezama lakini saa halali ya kuwinda haijaisha, kulungu jike alitoka kwenye misonobari yapata yadi 120 mbele yangu. Nikashusha ukuzaji hadi 5 ili nimwone mzima, na alama zikawa nyembamba kama uzi wa buibui, zikamezwa na weusi wa miti. Sikufyatua. Niliiuza nikanunua inayokuza mara 3 hadi 15 yenye nukta inayowaka katikati, na tangu hapo namshauri kila anayeniuliza aanze kutenga fedha za darubini kabla ya kutazama bunduki.

Jambo jingine ni kwamba risasi za shabaha hazifai mawindo, kwa kuwa nyingi hazikuundwa kufunguka na kutanuka vizuri ndani ya mnyama. Natumia za greni 140 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) uwanjani na za kuwindia za greni 143, nazo hazigongi mahali pamoja: kwa yadi 100, za kuwindia huangukia sentimita 3 chini kushoto. Nimeandika tofauti hiyo kwenye plasta niliyobandika kwenye kitako cha bunduki, na kila Oktoba huihakiki upya kabla ya msimu.

Kwa vibao vya chuma vya kulengea uwanjani hufika yadi 800 bila wasiwasi. Kwa mnyama nimejiwekea mpaka wa yadi 300, kwa kuwa chuma hakipigi hatua moja wakati risasi ikiwa angani. Kulungu wangu wa mwaka jana alikuwa yadi 180, na risasi moja ilitosha.