Kikao cha hospisi kwa video: tathmini ya familia moja

Kanuni za Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, zinaitaka timu ya hospisi (huduma kwa wagonjwa walio karibu na mwisho wa maisha), yaani daktari, muuguzi, ofisa ustawi wa jamii na mshauri wa kiroho, ipitie upya mpango wa huduma kila siku 15 au mapema zaidi, na hospisi iliyomhudumia mama mkwe wangu hapa Ohio ilituunganisha na kikao hicho kwa video.

Faida yake niliiona katika kikao cha pili. Mama alikuwa amemwambia muuguzi kwamba hana maumivu, maana hakupenda kulalamika mbele ya wageni. Mke wangu, aliyekuwa akikesha naye, alieleza jinsi alivyokunja uso na kung'ang'ania shuka kila alipogeuzwa, na daktari akaagiza apewe mofini kabla ya kugeuzwa. Shemeji yangu, aliyejiunga kutoka Mombasa, aliuliza swali moja tu: mbona mama hali chakula? Alijibiwa taratibu, bila haraka.

Kasoro kubwa ni kwamba mkalimani hakuwepo hadi tulipomwomba, hivyo mke wangu alilazimika kumtafsiria mama yake mzazi habari za kifo chake, mzigo ambao hakuna mtoto anayestahili kutwishwa. Sauti nayo ilikatika mara mbili. Ningeichagua tena huduma hii, ila mkalimani ningemwomba siku ya kwanza.